Miaka 9 na kilomita 240,000, au miaka 18 na kilomita 80,000: lipi la kununua?

Magari mawili yanauzwa kwa bei moja. La kwanza lina miaka 9 na limetembea kilomita 240,000. La pili lina miaka 18, ila dashibodi yake inasoma kilomita 80,000 tu. Yote ni ya petroli, yote yameoshwa na kupigwa polishi, na kila muuzaji anaapa kuwa lake halijawahi kumsumbua. Wanunuzi wengi wakiona 240,000 huishia hapo hapo na kugeukia la pili. Mimi ningeanza na la kwanza. Nitaeleza sababu, na nitaeleza pia yale ambayo yangenifanya nilikimbie.

Kilomita na saa za kazi

Kilomita 240,000 kwa miaka 9 ni zaidi ya kilomita 26,000 kwa mwaka. Huo kwa kawaida ni mwendo wa mtu wa safari ndefu. Tuseme wastani wake ni kilomita 80 kwa saa: injini imefanya kazi saa 3,000. Sasa chukua lile la pili, ambalo huenda maisha yake yote ni safari fupi za mjini na foleni, wastani wa kilomita 20 kwa saa. Kilomita 80,000 zake ni saa 4,000. Lenye kilomita chache ndilo lililounguruma muda mrefu zaidi.

Tena saa zenyewe hazilingani. Kwenye safari ndefu injini hupata moto wake kamili, unyevu na petroli iliyochuruzika ndani ya oili hukauka, gia hubadilishwa mara chache, breki hupumzika. Gari la safari za dakika kumi kumi huzimwa kabla oili haijapata moto, kesho linawashwa tena likiwa baridi, na mwasho wa baridi ndio unaosaga vyuma kuliko kitu kingine.

Lakini usikubali neno la muuzaji kwamba kilomita zile ni "za barabara kuu". Teksi nayo hufikisha kilomita 26,000 kwa mwaka, tena huzipita kwa mbali. Angalia kiti cha nyuma: gari la mtu mmoja msafiri huwa na kiti cha nyuma kama kipya, wakati la abiria lina kapeti la nyuma lililosagika, vitasa vya milango ya nyuma vilivyolegea, pengine na matundu ya skrubu kwenye dashibodi palipofungwa vifaa. Gari la barabara kuu nalo lina alama zake: boneti na bampa ya mbele vimedonolewa na vijiwe, kioo cha mbele kina vidoa vidogo vidogo ukikitazama dhidi ya jua. Uso wenye madoa ya vijiwe kwangu ni ushahidi mzuri.

Je, 80,000 ni ya kweli?

Hapa ndipo gari la pili linapoanza kutoa jasho. Hakuna anayerudisha mita nyuma hadi 240,000 ili apate bei nzuri, labda gari liwe limefika 400,000. Ila 80,000 ni namba tamu, na namba tamu huvutia mikono. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kuwa katika nchi hiyo peke yake zaidi ya magari 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na usomaji wa uongo. Mita ya kidijitali haikuondoa tatizo. Zamani mtu alihitaji bisibisi, siku hizi anahitaji kompyuta ndogo na dakika chache.

Kwa hiyo soma vitu ambavyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta. Mpira wa pedali ya breki ukiwa umesagika hadi kung'aa, usukani umekuwa laini upande wa juu, ukingo wa kiti cha dereva umechanika pale mtu anapoingilia, na ukingo wa mkanda wa dereva umechomoka nyuzi, hizo si kilomita 80,000. Na pedali mpya kabisa kwenye gari la miaka 18? Nazo uliza zimebadilishwa kwa nini. Kisha tafuta vibandiko vya kubadilisha oili chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango, risiti za gereji, vyeti vya ukaguzi. Kila karatasi ina tarehe na kilomita. Zipange kwa tarehe: kilomita zinatakiwa zipande tu. Zikishuka hata mara moja, funga mjadala. Baadhi ya magari pia huhifadhi kilomita kwenye kompyuta nyingine zaidi ya dashibodi, na fundi mwenye skana nzuri anaweza kuzilinganisha.

Makaratasi kuliko mita

Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa Marekani, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, akaiendesha hadi mwaka 2013 ikapita maili milioni 3, karibu kilomita milioni 4.8. Siri yake haikuwa na uchawi wowote, ni oili na matengenezo kwa ratiba, miaka nenda miaka rudi. Simtaji ili useme kila gari litafika huko. Namtaja kwa sababu 240,000 peke yake haijawahi kuua injini.

Kinachoua ni pengo. Kwenye mafungu ya risiti za gari la kwanza usiangalie wingi wa karatasi, angalia nafasi kati yake. Oili ikibadilishwa kila kilomita 5,000 hadi 10,000 mfululizo, halafu ghafla kukawa na kilomita 40,000 bila chochote, basi pengo hilo linanitisha kuliko zile 200,000 nyingine zote. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi. Rangi ya kahawia iliyotandaa kwenye chuma si neno. Uji mweusi mzito kama lami maana yake mtu aliacha kubadilisha oili, na uji huo huziba njia nyembamba ambazo oili hupitia. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, tulia kwanza: gari la safari fupi kwenye baridi linaweza kuwa na unyevu tu pale juu. Vuta stiki ya oili. Nayo ikiwa na rangi ya maziwa, au maji ya rejeta yana mafuta yanayoelea, gasketi ya silinda hedi imekwisha au hedi yenyewe imepinda.

Gari lisilo na karatasi hata moja huwa nalihesabu kana kwamba hakuna kilichowahi kufanyika, hata muuzaji awe mcheshi kiasi gani.

Mkanda wa taimingi au cheni

Swali hili uliulize kabla hujaenda kuona gari lolote, kwa sababu linaweza kugeuza hesabu yote. Injini huwa na mkanda wa mpira au cheni ya chuma inayolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, na hiyo ndiyo taimingi. Yenye mkanda hutakiwa kubadilishiwa mkanda huo, kulingana na mtengenezaji, mahali fulani kati ya kilomita 90,000 na 160,000, *au* baada ya miaka kadhaa, chochote kitakachotangulia. Watu husahau hiyo nusu ya pili. Mwenye gari la pili atakuambia kwa ujasiri kwamba mkanda bado haujafika, maana limetembea 80,000 tu. Lakini mkanda ule una mpira ndani yake, na mpira wa miaka 18 ni wa miaka 18 hata gari likilala. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Gari la kwanza kwa upande wake lilitakiwa liwe limebadilishiwa angalau mara moja, pengine mbili. Taka risiti, na uangalie kama pampu ya maji ilibadilishwa pamoja nao pale inapozungushwa na mkanda huo huo.

Injini ya cheni husifiwa kwamba haihitaji chochote. Si kweli kabisa. Cheni huishi kwa oili, na hata kifaa kinachoikaza mara nyingi husukumwa na presha ya oili. Gari lililocheleweshewa oili hurefusha cheni yake, nawe utaisikia: sekunde chache za kwanza baada ya kuwasha asubuhi, mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini, kisha unapotea. Kuibadilisha kwa kawaida ni kazi kubwa kuliko mkanda. Kati ya mkanda wenye risiti na cheni isiyo na historia ya oili, nachukua mkanda bila kufikiri mara mbili.

Umri unavyokula

Huku gari la pili linashindwa kimya kimya. Mpira, plastiki na mafuta ya breki havijali mita. Chukua matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri, lisiwe na upara popote, na bado likawa limekomaa na kupasuka nyufa ndogo kwenye mbavu. Wengi wa watengenezaji hawataki lipite miaka 10 hata likionekana zima. Halafu kuna hozi za rejeta, hozi za breki, bushi, mipira inayoshikilia injini, sili za injini na giaboksi ambazo huanza kuvuja gari linapoanza kutumika sana baada ya kulala. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo maana wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ukiliandikia orodha gari la pili, utaona ile bei "moja" si moja tena.

Hata hivyo nitalitendea haki. Gari la miaka 18 mara nyingi lina kompyuta chache, nyaya chache, na fundi wa kawaida hulielewa. Viti, vioo na milango yake havijachoka. Kama lilikaa chini ya paa na likawashwa kila wiki, orodha ile ya mpira ni gharama inayojulikana: unalipa mara moja, yanaisha. Shida ni gari lililolala *nje*.

Kwa sababu ya kutu. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, chesisi iliyooza hubaki kuwa chesisi iliyooza. Lala chini utazame vizingiti vya chini ya milango, ndani ya matao ya matairi, na hasa pale shokapu na mikono ya sospensheni inaposhikia bodi. Nyanyua kapeti la buti na uguse kama kuna unyevu. Kutu ya juu juu kwenye boliti ni ya kawaida. Kutu inayochomeka kwa bisibisi ni mwisho wa safari, na rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari wiki ya kuliuza inanifanya nichomechome zaidi.

Kwa kifupi, nikiyaweka sambamba:

| | Miaka 9, kilomita 240,000 | Miaka 18, kilomita 80,000 |
|---|---|---|
| Hofu kuu | Giaboksi, bushi, shokapu, matumizi ya oili | Kutu, mpira, mita ya uongo |
| Karatasi muhimu zaidi | Oili na mkanda au cheni | Vyeti vyenye kilomita kwa tarehe |
| Matairi | Angalia kashata na ulaji wa pembeni | Angalia mwaka kwanza |
| Spea | Kwa kawaida rahisi kupata | Uliza kabla, hasa taa na vipande vya bodi |
| Ondoka ukiona | Pengo refu la oili, moshi wa bluu | Kutu ya chesisi |

Giaboksi, hasa ya gari la kwanza

Gari la gia za mkono halina fumbo. Nenda kwa gia ya juu ukiwa kwenye mwendo wa wastani, kanyaga mafuta ghafla: mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Klachi ni kitu cha kupunguzia bei, si cha kukimbilia. Gia inayokwaruza kila ukiingiza ya pili au ya tatu ni jambo zito zaidi.

Otomatiki ndiyo inayohitaji uangalifu. Baadhi ya watengenezaji wa magari waliandika kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote, na wamiliki wakafurahi kutoigusa. Lakini ZF, ambayo inatengeneza giaboksi zenyewe, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa hiyo otomatiki ya 240,000 isiyo na risiti hata moja ya oili hiyo naipa bei ya gari lenye giaboksi mbovu, hata ikienda vizuri leo. Ikiwa na stiki ya kupimia, oili iwe na wekundu na isinuke kuungua. Ukiwa umekanyaga breki, toka N uingize D, kisha R. Gari lipokee papo hapo bila kishindo. Likisubiri sekunde mbili au tatu ndipo lishike, mshukuru muuzaji uende zako. Kwa CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, nakuwa mkali zaidi: ina oili yake maalumu, mtu akiweka ya kawaida imeharibika, na kwa kilomita hizi bila karatasi siichukui.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari likiwa baridi. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, mtu amelipasha ili afiche kitu au ni bahati mbaya tu. Vyovyote vile, rudi siku nyingine.

Likiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta uone kama kuna mafuta yanayoelea. Likiwa la moto usithubutu, maji yale yatakuunguza. Kisha washa swichi bila kupiga stata na uone taa za dashibodi: ya injini, ya breki za ABS na ya eabegi lazima ziwake kwanza, halafu zizime kwa wakati wake. Taa ambayo haiwaki kabisa kuna mtu ameiziba au ameing'oa.

Piga stata, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu wa mara moja wakati wa kuwasha mara nyingi ni sili za valvu, na kwenye gari la 240,000 naweza kuishi nao ikiwa ni kidogo. Bluu inayoendelea unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na hiyo ni oveholi. Mvuke mweupe unaopotea gari likipata moto ni maji tu. Mweupe mzito usiopotea na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoungua. Mweusi kwenye petroli ni mafuta mengi kuliko hewa: pengine chujio chafu, pengine sensa, pengine injekta.

Endesha angalau nusu saa, na sehemu yake iwe kwenye mwendo mkubwa. Zima redio, muuzaji akizungumza sana mwombe anyamaze. Kata kona kali polepole kwenye uwanja: mlio wa ta-ta-ta mbele ni jointi za ekseli. Pita kwenye matuta usikilize bushi na bolijointi. Achia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka uone kama linavuta upande mmoja. Kisha simama, liache likiunguruma huku eakondishena imewashwa, utazame mshale wa joto. Gari linalochemsha mara nyingi hungoja hadi hapo.

Magari haya yote mawili yanapaswa kuwa na soketi ya OBD-II, tundu la kuchomekea skana kwenye kompyuta ya gari, ambayo ilikuwa lazima Marekani kuanzia modeli za 1996 na kwa magari ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Skana ya bei nafuu inatosha. Lakini usitafute misimbo ya makosa peke yake, maana hufutwa kwa kubonyeza kitufe. Tazama kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa mengi hayajakamilika, kuna mtu amefuta kumbukumbu au amechomoa betri siku hizi hizi, na taa ya injini itawaka ukishafika nyumbani.

Mwisho lipa fundi wako, asiye na undugu na muuzaji, alipandishe kwenye lifti. Kwa gari la kwanza mwambie pia apime kompresheni, yaani presha ndani ya silinda: silinda zote zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10 hadi 15. Muuzaji akikataa ukaguzi wa fundi, sihitaji sababu yake.

Lipi basi?

La kwanza, ikiwa risiti zake za oili hazina pengo, giaboksi imehudumiwa na kompresheni imesawazika. La pili, ikiwa chini hakuna kutu ya kuchomeka, karatasi zinathibitisha ile 80,000, na muuzaji amekubali kushusha bei kwa gharama ya matairi, mkanda, hozi na betri. Likikosa moja kati ya hayo matatu silitaki. Na kwa mtu anayetembea kilomita chache sana kwa mwaka, la pili linaweza kuwa na akili zaidi, maana halitafikishwa mbali upesi.

Lolote utakalochukua, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na chujio zote, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na oili ya giaboksi pale inapofaa. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari liwekwe ndani ya gari. Atakayelinunua kutoka kwako atalitafuta.